Jini Aliyesema Hataki Kitu

Mambo yalianza na mitalawanda. Nyumba ya Wahbi Efendi pale Mansura ilikuwa na jozi moja ya viatu hivyo vya mti, vilivyokaa mlangoni pa msalani ili anayeingia asiteleze kwenye mawe. Kila aliyevivua aliviacha vimeelekea ndani, tayari kwa anayefuata. Asubuhi ya Jumatatu moja, katika mwaka wa pili tangu Waingereza waingie Misri, Nafusa mke wa Wahbi alivikuta vimeelekea nje. Vilikuwa vimelowa, na nyayo za maji zilitoka hapo zikavuka ua mpaka kwenye chumba cha wageni, zikaishia mlangoni.

Nafusa alidhani ni mumewe, akamtania kuwa siku hizi Efendi amekuwa mkubwa kiasi cha kupokea wageni kabla hajajifuta maji. Wahbi akacheka, akasema hakuwa ameoga. Mama yake, Hagga Tafida, hakucheka. Aliuliza tu nani ameingia msalani bila kuomba ruhusa.

Nyumba ile ilikuwa na mkazi wake. Hagga Tafida alimkuta alipoletwa bibi harusi, na mama mkwe wake alimwonyesha kama alivyomwonyesha tanuri na kisima: huyu hapa anakaa msalani, tunamwita Jirani, ukimheshimu atakuheshimu. Heshima yenyewe haikuwa ngumu. Kabla ya kuingia unasema, "Kwa ruhusa yenu, wenyeji." Humwagi maji ya moto bila kutangaza. Kila Ijumaa unamwekea bakuli la maziwa kando ya bomba la maji machafu. Na ukiwa ndani, husemi neno hata moja. Kwa miaka arobaini Jirani hakudai kingine, na hakuvunja kitu ila mtungi mmoja, tena siku ambayo marehemu mume wa Hagga alitukana mle ndani.

Wahbi alilelewa na masharti hayo, na aliyavunja kwa makusudi. Hili halikujulikana na mtu.

Alikuwa mkalimani wa Mista Thornley, mkaguzi wa mifereji na vipimo vya ardhi. Walizunguka vijijini, na kila kijiji Mista Thornley alipanda juu ya sanduku akahutubia wakulima, na Wahbi akasimama chini yake akayageuza maneno. Hotuba alipewa siku moja kabla, imeandikwa kwenye karatasi. Alizipenda hotuba zile. Alipenda jinsi watu waliokuja wamekunja nyuso walivyolegea akishazitia sukari. Na ili zitoke vizuri alizifanyia mazoezi nyumbani, kwa Kiingereza kwanza kisha kwa Kiarabu, msalani, kwa sababu mle dari lilikuwa la mviringo na sauti ilimrudia nene kama ya waziri. Alifanya hivyo mwaka mzima na zaidi. Moyoni alijua anakosea, lakini alishavaa tarbushi na koti la ofisini, na mambo ya kuomba ruhusa kwa bomba la maji machafu aliona ni ya kina mama.

Hotuba zilitofautiana kidogo tu. Hatukuja kuchukua kitu. Tumekuja kwa faida yenu. Mna mali na hamjui kuitumia. Tutawapangia, tutawapimia, tutawalinda, na siku mtakapoweza kujisimamia tutaondoka zetu. Ofisini, wakati wa chai, Wahbi alisikia mengine. Mmoja alisema wapo hapa kwa ajili ya pamba ya viwanda vya kwao. Mwingine akasema ni njia ya kwenda India, wa tatu akasema ni kuwawahi Wafaransa, na kasisi mmoja mwenye mashavu mekundu akasema ni wajibu waliopewa na Mungu wa kuwalea watu waliochelewa. Walibishana kwa uchangamfu, kila mtu na sababu yake. Ila zilipofika kwa wakulima zote zilikuwa zimekuwa moja, kwa faida yenu, na aliyezigeuza alikuwa Wahbi.

Basi Jumatano ile mitungi ya jikoni ilikutwa imepangwa kwa kimo. Nafusa akafurahi, akamshukuru mama mkwe, na mama mkwe akasema hajaigusa. Alhamisi mkeka wa Hagga wa kusalia ulihamishwa kutoka kivulini ukatandikwa juani, umenyooshwa pembe kwa pembe.

Siku hiyohiyo, baada ya adhuhuri, nyumba nzima imelala kwa joto, Wahbi alisikia mitalawanda ikitembea uani. Ko. Ko. Ko. Haikuwa na haraka. Alifungua dirisha kidogo, na ua ulikuwa mtupu, jua limeupiga mweupe, hakuna hata paka. Sauti iliendelea kutoka ukuta wa mashariki hadi wa magharibi, ikasimama, ikageuka, ikatembea kutoka kusini kwenda kaskazini, na chini yake kulikuwa na sauti nyingine ndogo, ya mtu anayehesabu kwa Kiingereza. Palinuka moshi wa sigara nene za ofisini na sufu iliyolowa, na nyuma ya harufu hizo, kwa mbali, harufu ya bomba la msalani aliyoijua tangu utoto. Alifunga dirisha akajilaza, akajiambia ni joto.

Jioni yake chumba cha wageni kilikuwa kimefungwa kwa ndani.

Ijumaa walikaa kula mlokhia, mboga ya mlenda. Hagga Tafida alikuwa akipita na bakuli la maziwa, analipeleka lilikozoea kwenda, Nafusa alipoweka mkate chini, akanyoosha mgongo na kusema maneno kadhaa kwa Kiingereza. Nafusa hakujua Kiingereza. Hakujua hata kusoma jina lake. Alisema kwa upole, akimtazama Hagga kama mtu anavyotazama pazia lililotoboka, kwamba mwanamke huyu mzee hajui kuutumia ua, na kwa faida yake mwenyewe atahamishwa.

Hagga akamgeukia mwanawe. "Mkeo anasema nini?"

Haikuwa lugha peke yake iliyomtisha Wahbi. Yalikuwa matamshi. Neno la Kiingereza la "faida" yeye mwenyewe alikuwa akilikosea, analivuta mwishoni, na Mista Thornley alikuwa akimcheka kwa hilo. Nafusa alilivuta vilevile.

"Anasema umechoka, mama," akajibu. "Anasema upumzike."

Baada ya hapo hakuna aliyelala mchana tena. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, hata siku mbili hazikupita bila chumba kingine kufungwa. Hagga akajikuta na godoro lake juu darini, kwenye kibanda cha kuku, hajui alifikaje. Nafusa aliacha kula. Alitembea uani na mitalawanda miguuni, akihesabu, akigusa kuta kwa kiganja, na mumewe akimshika bega alimwondoa mkono kwa adabu kamili, bila hasira, kama anayemsaidia mtu kuvuka njia. Wahbi alimpenda sana mkewe. Walioana kwa kuchaguliwa, wakapendana baadaye, kwa utani mwingi na kugombania ukoko wa wali, na sasa alikaa barazani akitazama sura ile aliyoizoea ikimwangalia kama kiwanja.

Siku ya sita ya kutokula, alasiri, alimkuta ameketi sakafuni katika kona ya jikoni, magoti kifuani. Macho yalikuwa yake.

"Wahbi," alinong'ona. "Usipaze sauti, atasikia."

"Nipo hapa. Sema, roho yangu."

"Ananiambia nisogee. Kila siku ananiambia nisogee kidogo tu, ananiomba kwa heshima, ananipa sababu nzuri, nami nasogea, kwa sababu kidogo si kitu, na kesho yake anaomba tena, na ana sababu nyingine nzuri kuliko ile. Anasema mwili huu sijui kuutumia. Sasa nimebaki hapa." Akagusa mahali padogo chini ya koo. "Hapa tu, Wahbi. Akiniomba tena sina pa kusogea."

Kisha mgongo ukanyooka, macho yakaenda zake, na mdomo wake ukamshukuru Wahbi kwa Kiingereza kwa ushirikiano wake.

Wahbi alitoka mbio bila tarbushi. Hakwenda kwa daktari wa ofisini. Alikwenda nyuma ya soko la kamba, kwa Sheikha Zumurrud, mpunga pepo, mwanamke ambaye wiki mbili nyuma asingekubali kuonekana mlangoni kwake.

Sheikha Zumurrud alitoka Kordofan, kusini ya mbali. Alitekwa akiwa binti wa miaka tisa, akauzwa mara tatu, akaachwa huru akiwa na mvi. Alikuja kesho yake mapema asubuhi na wanawake wanne wa ngoma, chetezo cha ubani, kondoo mmoja na kuku wawili weupe. Alipofika mlangoni alisimama, akanusa. Akauliza nani alikuwa akizungumza msalani.

Hagga Tafida akaapa kwamba hakuna. Wahbi akatazama mawe.

Wakamketisha Nafusa katikati ya ua juu ya mkeka, wakamfunika shuka nyeupe. Ngoma zikaanza polepole. Sheikha alizunguka na chetezo akiita pepo mmoja mmoja kwa wimbo wake: wa Kihabeshi, wa mtoni, wa jangwani, yule wa bahari mwenye kupenda samaki, yule askari wa Kituruki anayetaka kahawa. Kila wimbo ulipita na Nafusa hakutikisika. Jua likapanda, jasho likawatoka wapiga ngoma, na hapakuwa na kilichojibu. Mwisho Sheikha akanyamazisha ngoma zote, akachuchumaa, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayegonga kwa mwenzake:

"Jirani. Ni wewe?"

Shuka likatikisika. Na jibu likaja kwa Kiingereza.

Sheikha Zumurrud akamwita Wahbi kwa kidole. "Njoo ukae hapa, Efendi. Hii ndiyo kazi yako. Huyu si mgeni. Ni mkazi wenu wa siku zote, amejifunza maneno, na aliyemfundisha ni wewe. Usilie, si wakati wake. Mwulize anataka nini."

Wahbi akauliza. Jibu lilitoka chini ya shuka, tulivu, na akaligeuza: "Anasema hataki kitu. Anasema amekuja kwa faida ya nyumba hii."

Wanawake wa ngoma wakatazamana. Sheikha akaweka chetezo chini.

"Nimepunga pepo miaka thelathini," akasema. "Mmoja alitaka pete. Mmoja kondoo mweusi. Mmoja nguo nyekundu na kiatu cha kushoto, cha kulia hakukitaka. Unampa, anakaa chini, mnaishi. Anayetaka kitu ana mwisho wake. Huyu anayesema hataki kitu, utamshibisha kwa nini?" Akasogea karibu. "Wale walionichukua kwetu waliniambia wanakwenda kunifundisha dini na kunivika nguo. Niliwaamini mpaka kisimani waliponiuza. Mwulize tena."

Akauliza tena. Jibu likawa refu: nyumba imelala, wenyewe hawajui thamani yake, mitungi ilikuwa ovyo, mzee alikaa kivulini bila faida, na yeye atakaa hadi watakapoweza. Ilikuwa hotuba ya kijiji cha mwisho, neno kwa neno. Wahbi alikuwa akiigeuza, na aliposikia maneno yake yakimrudia kutoka kinywani mwa mkewe mwenye njaa ya siku saba, aliyaona kwa mara ya kwanza jinsi yalivyo, na akawakumbuka wakulima wote waliolegeza nyuso mbele yake, na vijiji ambavyo hakurudi kuvitazama.

"Mara ya tatu," Sheikha akasema. "Na safari hii usimwombe. Mwambie aseme kwa lugha ya nyumba aliyokulia."

Wahbi akainama mpaka paji lake likagusa shuka. Alisema kitu ambacho hakuwahi kuthubutu kumwambia Mista Thornley. Alisema, wacha sababu. Sema unachotaka.

Maji yalidondoka msalani, tone moja, na lingine. Kisha chini ya shuka ikatoka sauti nyingine kabisa, ya zamani, yenye kukwaruza, ya Kiarabu cha kina bibi wa mtaa ule, na kila mtu aliielewa.

"Nyumba," ilisema. "Yote."

Hagga Tafida alianza kulia. Sheikha Zumurrud akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Haya, sasa tunazungumza," akasema, akaanza kupatana. Alimkumbusha Jirani miaka arobaini ya maziwa. Alimwahidi kubaki msalani pake, chini ya dari lake, ukimya wake, na kondoo wa leo. Alipandisha, akashusha, akamtania, akamkemea, kama anayenunua kitambaa. Ubani uliwaka mara tatu. Mkono wa Nafusa uliochungulia nje ya shuka ulikuwa mwembamba, na kucha zilikuwa zimeanza kuwa za buluu.

Hatimaye Jirani akajibu. Alirudi kwenye Kiingereza, taratibu, na alikuwa anamwambia Wahbi peke yake. Alisema: nitamwacha mwanamke. Nipe wewe mdomo wako. Ulikuwa wangu tayari.

"Anasemaje?" akauliza Sheikha.

Wahbi alijua angetafsiri sawasawa Sheikha angekataa. Angeanza kupatana upya, leo, kesho, kesho kutwa. Alitazama zile kucha. Na zaidi ya mapenzi, kulikuwa na mazoea: kwa mwaka mzima na zaidi, kila palipokuwa na neno baya kati ya pande mbili, yeye alilimeza akatoa zuri.

"Amekubali," akasema. "Anataka bakuli lake la maziwa, basi."

Sheikha Zumurrud alimtazama muda mrefu. "Hivyo tu ndivyo alivyosema?"

"Hivyo tu."

Kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, Wahbi akasema ndiyo. Kondoo akachinjwa, ngoma zikarindima zote kwa pamoja, na Nafusa akaanguka ubavu juu ya mkeka akaomba maji, kwa sauti yake mwenyewe, akauliza kwa nini nyumba imejaa watu na yeye hajachana nywele.

Milango yote ilikuwa wazi. Hagga alirudishiwa ua wake. Nafusa alikula mchuzi wa kuku, kisha wali, kisha akadai ukoko na kuupata wote bila kugombana. Wahbi alimtazama akila, akahisi ameshinda. Ijumaa Hagga aliweka bakuli la maziwa mahali pake. Jumamosi alfajiri lilikuwa vilevile limejaa, na utando juu yake.

Siku hiyohiyo Wahbi alikwenda na Mista Thornley kijiji kingine. Njiani alishaamua. Alikuwa ameona linalofanyika mtu akiambiwa asogee kidogo. Wakulima walikusanyika kando ya mfereji, mikono nyuma, nyuso zimekunjwa. Mista Thornley akapanda sanduku na kusema yake. Wahbi akavuta pumzi ili awaambie: ndugu zangu, anataka ardhi yenu, yote, msimpe hata hatua moja. Aliyapanga maneno hayo kichwani moja moja. Akafungua mdomo.

"Msiogope," ukasema mdomo wake. "Hatukuja kuchukua kitu."

Hotuba haikuwahi kutoka nzuri kama siku ile. Ilitoka nene, ya mviringo, na mwangwi wake, hali palikuwa shambani hapana dari. Kinywani alisikia ladha ya bomba la maji machafu. Alijaribu kuuma ulimi, na ulimi ukamponyoka kwa adabu. Wakulima wakalegeza nyuso. Mzee mmoja akamshika mkono akamshukuru, na Wahbi akalia machozi, na mzee akadhani ni huruma.

Alirudi nyumbani alasiri, amebana midomo kwa mikono miwili. Alisimama mbele ya mlango wake akaona heri asigonge. Lakini Nafusa alikuwa amemsikia hatua, akaja mbio uani akiimba, akaondoa komeo la juu, akasema kwa ndani kwamba Efendi amechelewa na chakula kimepoa, na je, amewauza wakulima wangapi leo?

Usifungue, Wahbi alitaka kusema. Nafusa, kwa jina la Mungu, usifungue.

"Usiogope," akasikika akisema kwa Kiingereza, taratibu, akilivuta lile neno mwishoni. "Nimekuja kwa faida yako."

Wimbo ukakatika. Nafusa aliyajua maneno yale. Aliwahi kuishi chini yake. Komeo la juu likarudi mahali pake, na la chini, na Wahbi akamsikia akiburura jiwe la kusagia hadi mlangoni, huku akilia kwa sauti ndogo, akimwita Hagga.

Alishukuru. Ndani kabisa, mahali padogo chini ya koo ambapo alikuwa bado amebaki, alishukuru kwamba hakufunguliwa. Kisha miguu yake ikageuka yenyewe, ikaanza kutembea kando ya ukuta wa nyumba, hatua zilizolingana, kutoka pembe ya mashariki kwenda ya magharibi, na mdomo wake ukahesabu.